Deni likikushinda: sheria inakupa njia gani, na kwa wakati gani?

Msimu B ukiisha, ku vijiji vingi maneno ni yale yale. Mahindi yameliwa na viwavi, ao mvua ilikatika mapema, ao bei ya soko ilianguka siku ile ya mavuno. Lakini mukopo wa COOPEC, mbolea ya duka na mushahara wa wafanyakazi, vyote vinangoja. Wengine wanauza mbegu za msimu A. Wengine wanauza shamba kwa bei ya hasara. Wengine wanakimbilia ku karieri ya zahabu na kuacha bibi na watoto wajibu wadai ku mulango.

Wapendwa memba wa koperative, kuko njia ya sheria kwa mulimaji mwenye deni limemushinda. Wengi hawaijue, na wengine wanaijua wakati imekwisha kufungwa. Mu makala hii tunaeleza njia hiyo kidogo kidogo: nani anaweza kuipita, wakati gani, na karatasi gani. Jambo moja muliweke mu kichwa tangu sasa: sheria inasaidia mwenye kusema mapema na kuonyesha hesabu ya kweli. Mwenye kuficha, sheria ile ile inamugeukia.

Deni peke yake haiko wizi

Tuanze na woga wa kwanza: gereza. Congo iliingia mu mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia na haki za kisiasa mwaka 1976. Kifungu cha 11 cha mapatano hayo kinasema kwamba hakuna mutu anaweza kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mukataba. Ulikopa, ulilima, mavuno yakakosa: hilo ni jambo la tribinali ya madai, haiko jambo la kachoti. Kazi ya polisi na ya OPJ haiko kulipisha madeni ya watu.

Lakini tusidanganyane. Kuko mambo mawili yenye kufanana na deni na ambayo ni makosa ya kweli mu kitabu cha sheria za adhabu. La kwanza ni « abus de confiance »: komite ilikupatia dola 500 za kununua kahawa ya wamemba, wewe ukazijengea nyumba. Makuta yale hukukopeshwa, uliaminishwa tu. La pili ni « escroquerie »: ulidanganya ili upewe, kwa mufano kuonyesha karatasi ya uongo, ao kuuza magunia yale yale kwa watu watatu. Kwa mambo hayo, parke inaweza kukufuata.

Ndiyo maana mukataba wa mukopo unapashwa kuandikwa, hata kama ni kati ya ndugu. Siku mudai atakapokwenda kusema « huyu aliniiba », karatasi itaonyesha kama lilikuwa deni.

Neno « faillite » linatudanganya

Ku soko tunasema « nimefanya faillite », maana yake makuta imeisha. Na wengine, wakisikia ndugu wenye kuishi ngambo, wanafikiri kwamba « faillite personnelle » ni karatasi ya kuomba ku tribinali ili deni lifutwe. Kwetu haiko vile. Mu sheria yetu « faillite personnelle » ni azabu. Inapewa mutu mwenye alificha mali yake, ao alipoteza vitabu vya hesabu makusudi, ao alitunga madeni yasiyokuwako. Akiisha kuipata, anakatazwa kufanya biashara, kuongoza kampuni ao koperative, hata kuchaguliwa ku kazi ya watu wote, kwa wakati wenye juji ataweka.

Kwa hiyo, usiende kuandika barua ya kuomba « faillite personnelle ». Ungekuwa unaomba fimbo. Kitu cha kuomba kina majina ingine, na tutayaeleza hapa chini.

Sheria gani, na kwa nani?

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Congo iko mu OHADA, umoja wa inchi 17 za Afrika wenye kuwa na sheria moja ya biashara. Sheria ya madeni yenye kushinda mutu ilifanywa upya tarehe 10 Septemba 2015. Sheria hiyo inasema wazi kwamba inamuhusu mutu yeyote mwenye kazi yake mwenyewe: biashara, ufundi, na kilimo pia. Mulimaji ni ndani. Koperative nayo ni ndani, kwa sababu ni jamii yenye utu wake mbele ya sheria.

Mwenye kuishi na mushahara tu, kama mwalimu mwenye kudaiwa juu ya televizyo na ndoa ya mutoto, hayuko ndani. Yeye anapashwa kupatana na wadai wake, ao kumuomba juji muda wa kulipa.

Tribinali ya kazi hii ni « Tribunal de commerce ». Pahali haijafunguliwa bado, ni « Tribunal de grande instance » ndiyo inahukumu.

Kipimo: umeshindwa kweli, ao umebanwa tu?

Mbele ya kuchagua njia, jipime. Sheria inauliza ulizo moja: madeni yenye siku yake imefika, unaweza kuyalipa na kile uko nacho ku mukono sasa? Kama hapana, uko mu « cessation des paiements », maana yake malipo yamesimama.

Tuchukue mufano. Mama mumoja ana hektari moja na nusu ya mahindi, na nusu hektari ya kahawa. Ku COOPEC anadaiwa dola 1 200, lakini zenye siku imefika ni 400. Ku duka la mbolea ni 250, zimefika. Wafanyakazi ni 100, zimefika. Jumla yenye kufika: 750. Ku mukono ana dola 180, na mahindi ya kuuza juma hili yenye kufika 220. Jumla: 400. Anakosa 350. Kahawa yenye ingali ku muti haihesabiwe, shamba nalo haihesabiwe, kwa sababu haviko makuta ya leo. Huyu mama malipo yake yamesimama.

Sasa, kama COOPEC inamwandikia kwamba zile 400 zitangoja mupaka Februari, kiisha mavuno ya msimu A, hesabu inageuka. Zenye kufika zinabaki 350, naye ana 400. Hajasimama tena, amebanwa tu. Muone namna karatasi moja ya muda inaweza kubadilisha hali ya mutu mbele ya sheria. Neno la mudomo haitoshe.

Njia nne

*Kama ungali unalipa lakini unaona hatari inakuja*, kuko njia mbili.

Ya kwanza ni « conciliation », upatanisho. Unaandikia prezida wa tribinali, naye anaweka mupatanishi wa kukaa kati yako na wadai. Inafanyika kwa siri, soko haitajua. Inachukua miezi 3, na inaweza kuongezwa mwezi moja tu.

Ya pili ni « règlement préventif ». Hapa unaleta mupango wa kulipa, wenye unaitwa « concordat ». Juji akifungua njia hiyo, wadai wa zamani wanasimamishwa kwa muda: hawawezi kukamata ngombe ao mashine yako wakati mupango unazungumuzwa. Wewe nawe unafungwa mikono: huna ruhusa ya kulipa mudai mumoja wa zamani kwa kificho, wala kuuza vitu nje ya kazi ya kila siku bila ruhusa.

*Kama malipo yamekwisha kusimama*, unapashwa kwenda mwenyewe kutangaza ku tribinali mbele ya siku 30 kupita. Hapo tena kuko njia mbili.

« Redressement judiciaire » ni kwa mutu mwenye kazi yake inaweza kusimama tena. Anawekwa musimamizi mwenye anaitwa « syndic », wadai wanaandika madeni yao, na mupango unatolewa. Wadai wanaweza kukubali kungoja ao kupunguza.

« Liquidation des biens » ni wakati hakuna tena njia ya kuokoa kazi. Mali inauzwa, wadai wanagawiwa kwa zamu yenye sheria iliweka, na mishahara ya wafanyakazi ina nafasi ya mbele.

Kwa wadogo, sheria ya 2015 iliweka njia fupi, yenye karatasi chache. Unahesabiwa mudogo kama wafanyakazi hawapite 20, na mauzo ya miezi 12 hayapite franka CFA milioni 50. Karibu walimaji wote wenye kusoma gazeti hii wako chini ya mupaka huo. Mukifika ku grefe ya tribinali, muombe « procédure simplifiée ».

Siku zile 30 si mchezo. Mwenye kukaa kimya bila sababu anaweza kufuatwa kwa « banqueroute », na hiyo ni kosa la azabu. Tena mudai naye anaweza kukutangulia ku tribinali. Ni vizuri juji asikie habari yako kwanza kwa mudomo wako.

Karatasi za kutayarisha

Hata mbele ya kumuona avoka, keti na daftari na uandike:

1. Madeni yote: jina la mudai, kiasi, tarehe ya kukopa, tarehe ya kulipa. Usiache deni la shemeji.
2. Wenye kukudai na dhamana: nani ameshika karatasi ya shamba, nani alisaini kwa ajili yako.
3. Wenye wewe unadai: munuzi wa kahawa mwenye hajalipa, jirani uliyemukopesha.
4. Mali: vyombo, mifugo, stoki, mashamba na namna ya karatasi yake.
5. Wafanyakazi na mishahara yenye haijalipwa.
6. Makuta yenye iliingia na yenye ilitoka mu miezi 12, hata kama uliandika mu kaye ya shule.

Halafu mupango wenyewe. Hapa ninasema kama agronome, kwa sababu ni hapa mipango mingi inavunjika. Mulimaji anaogopa, anaahidi kulipa dola 60 kila mwezi, na mwezi wa tatu anashindwa. Shamba haiko duka. Mahindi inaomba miezi 4 hivi, maharagi miezi 3, muhogo mwaka moja na zaidi, kahawa mupya miaka 3 mbele ya mavuno ya kwanza. Kwa hiyo weka malipo makubwa kiisha mavuno: Februari kwa msimu A, Julai kwa msimu B. Katikati weka kidogo chenye kinatoka ku mboga, maziwa ao ndizi.

Hesabu mavuno kwa wastani ya misimu yako ya mwisho, ukiweka msimu mubaya ndani. Usichukue msimu muzuri peke yake. Mbele ya kuhesabu ya kulipa, toa kwanza chakula cha jamaa, na toa mbegu: kwa mahindi ni kilo 25 hivi kwa hektari. Mudai mwenye akili ataelewa. Mulimaji mwenye amekula mbegu hatalipa mutu yeyote msimu wenye kufuata.

Vitu vya kuepuka

Usimwandikie kaka yako shamba ao ngombe ili wadai wasizione. Juji anaweza kurudi nyuma mupaka miezi 18 mbele ya hukumu na kuvunja zawadi za namna hiyo. Na kule kuficha ndiko kunaleta ile « faillite personnelle » tulieleza.

Usikope kwa wale watu wanaita « lambert » ili ulipe COOPEC. Faida yao kwa mwezi moja inaweza kula mavuno ya msimu muzima. Umebadilisha mudai tu, na huyu mupya ni mubaya kuliko wa kwanza.

Usiweke kidole ku karatasi ya « kuuza » shamba wakati nia yenu ni kuliweka rehani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni ya Leta, na hipoteke ya kweli inawekwa juu ya « certificat d'enregistrement ». Karatasi ya kijiji yenye kusema « nimeuza » inaweza kukupotezea shamba kwa deni la dola 200.

Kitu gani haikamatwe? Kila inchi na sheria yake

Wengi wenu muko na jamaa walienda Marekani kama wakimbizi, ku Texas, Kentucky ao Iowa. Wanapiga simu na kusema: « Huku mutu anajaza karatasi, deni linafutwa. » Ni kweli kwa sehemu, lakini tuelewe namna gani.

Kule sheria ya muflisi ni moja kwa inchi yote. Sura ya 7 inauza mali isiyolindwa na kufuta sehemu kubwa ya madeni yenye kubaki. Sura ya 13 inamupa mwenye mapato muda wa miaka 3 mupaka 5 wa kulipa. Tangu 1986 kuko hata sura ya 12, ya jamaa za walimaji, yenye inakubali malipo yafuate majira ya mavuno. Lakini mali gani inalindwa, hiyo inategemea sana jimbo. Ku Texas, jamaa yenye kuishi shambani inaweza kulinda eka 200, ni kusema hektari 81 hivi. Ku Kansas ni eka 160 za shamba. Ku Iowa, inje ya muji, ni eka 40. Na mutu hawezi kuhama leo kwenda jimbo lenye ulinzi mukubwa na kuomba kesho: anapashwa kuwa mukaaji kwa siku 730 ili atumie ulinzi wa jimbo lile. Tena kuko madeni yasiyofutika, kama malezi ya watoto.

Hata kule basi, mwenye anasema « rafiki yangu alifanya hivi » bila kuuliza ni jimbo gani, anapotea. Kwetu ni vile vile. OHADA ina sheria moja ya kukamata mali, yenye ilifanywa upya hapa Kinshasa mu Oktoba 2023, lakini vitu visivyokamatwa vinaachiwa sheria ya kila inchi. Kwetu, kitabu cha mwenendo wa kesi za madai cha tarehe 7 Machi 1960 kinalinda vitu vya lazima kwa maisha: matandiko, nguo, vyombo vya kazi ya mikono, chakula cha jamaa. Jembe lako na kitanda cha watoto, huissier hana ruhusa ya kuvibeba. Akivigusa, muombe aandike mu karatasi yake kila kitu amechukua, na upeleke nakala kwa avoka siku ile ile.

Na kama unauza mazao ngambo ya mupaka, kumbuka kwamba Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania haziko mu OHADA. Deni lenye mukataba wake umefanywa kule linaweza kuhukumiwa kwa sheria ya kule. Uliza mbele ya kusaini.

Mwenye alisaini kwa ajili yako

Mu AVEC na mu MUSO zetu, dhamana ni kati ya wamemba. Mumoja akianguka, mwingine anaitwa. Hapa sheria ya OHADA ya dhamana, ya tarehe 15 Desemba 2010, ina ulinzi wenye watu wanasahau. Mwenye kudhamini anapashwa kuandika kwa mukono wake kiasi cha juu kabisa chenye anakubali kulipa, kwa herufi na kwa hesabu. Kama hajue kuandika, anapashwa kuwa na mashahidi wawili wenye kuhakikisha kwamba alielezwa maana ya karatasi ile. Sekretere wa koperative, angalieni karatasi zenu. Mama mwenye alitia kidole bila shahidi na bila kuelezwa, asikubali kulipa haraka mbele ya kuonana na avoka.

Mbele ya kwenda tribinali

Tuseme kweli: tribinali iko mbali, safari ni makuta, avoka ni makuta. Kwa deni la dola 150, njia hiyo inaweza kuwa nzito kuliko deni lenyewe. Kwa madeni madogo, fanyeni kwa njia ya sheria lakini ku kijiji: ita wadai wote siku moja, mbele ya komite, uonyeshe ile daftari, na muandike mapatano yenye mambo manne: kiasi chenye kubaki, tarehe za kulipa zenye kufuata mavuno, faida yenye kusimamishwa ao kupunguzwa, na sahihi za wote na za mashahidi. Kila mutu abaki na nakala.

Wadai wote siku moja, tunasisitiza. Ukizungumuza na mumoja mumoja kwa kificho, kila moja atafikiri mwenzake amelipwa, na wa mwisho ndiye atabomoa mulango.

Kama deni ni kubwa, ao ni la koperative nzima, ao kuko hatari ya kukamatiwa mashine na mashamba, basi usingoje. Andika tarehe yenye ulishindwa kulipa mara ya kwanza, hesabu siku 30, na ufike ku grefe mbele ziishe. Komite zinaweza kutenga kikao kimoja, mbele ya kupanda msimu A, kwa kupitia madeni ya wamemba pamoja na animatere wenu. Kila memba alete daftari yake.